Neno "Oke" na Siri ya Asili Yake: Hotuba kwa Wapenzi wa Kiswahili, Tanga

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya wapenzi wa Kiswahili waliokusanyika hapa Tanga. Wengi mliokosa mmeniomba niiandike, basi hii hapa, kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliojazana kule nyuma: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo?

Kabla sijaanza, nina deni la kulipa, na nataka nililipe mbele yenu.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilifundisha Kiingereza kidato cha pili. Siku moja nilikuwa nasahihisha insha, nikakuta mwanafunzi kamalizia kwa maneno haya: "Everything is OK." Nikalizungushia neno la mwisho kalamu nyekundu. Kesho yake akaja mezani kwangu, mikono nyuma, kwa adabu kabisa. "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, neno hili lina kosa gani? Na hizi herufi mbili zimesimamia nini?"

Darasa zima limenyamaza, linasikiliza. Nami nilikuwa na kisa nilichokipokea kwa mwalimu wangu. Nikakitoa. Nikasema: zamani kulikuwa na vita Marekani, askari wakirudi kambini jioni huandika ubaoni idadi ya wenzao waliouawa. Siku ambayo hakufa mtu, wanaandika sifuri na herufi K, ya "killed". Sifuri waliouawa. Ndiyo maana leo tukisema O.K. tunasema hali ni njema. Darasa likapiga mguno wa kuridhika. Kisa kilikuwa kizuri, ndugu zangu. Kilikuwa na damu, kilikuwa na jioni, kilikuwa na ubao.

Miaka mingi ikapita. Nikaalikwa kwenye shule moja ya sekondari kuzungumza na wanafunzi. Mwalimu aliyenipokea ni yule yule mwanafunzi wangu, sasa mtu mzima mwenye watoto. Akasimama kunitambulisha, akawasimulia wanafunzi wake kisa cha sifuri waliouawa, neno kwa neno kama nilivyomsimulia, hata ubao hakuusahau. Kisha akanigeukia na kusema, "Na aliyenifundisha haya ni huyu hapa." Wakapiga makofi.

Wakati huo nilishajua kwamba kisa kile si cha kweli. Nilikaa pale mbele nikipigiwa makofi kwa uongo, na sikusimama kuusahihisha. Hilo ndilo deni langu. Leo nalilipa.

Tuanze na tarehe. Vita vile vya Marekani, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, vilianza 1861 vikaisha 1865. Na neno hili lilichapishwa gazetini mwaka 1839. Hesabuni wenyewe: miaka 22 kabla risasi ya kwanza haijalia! Mtoto anaweza kumtangulia mama yake kuzaliwa? Hawezi. Basi kisa cha askari kimeanguka, na kimeangushwa na tarehe peke yake. Hatukuhitaji hoja nyingine.

Sasa lilitoka wapi?

Twendeni Boston, mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ni Jumamosi, tarehe 23 Machi 1839. Gazeti linaitwa Boston Morning Post, mhariri wake Charles Gordon Greene. Katika kipande kimoja anamtania mhariri mwenzake wa mji wa Providence kuhusu safari ya wanachama wa kikundi kimoja cha mzaha, na katikati ya utani huo anaandika herufi ndogo mbili, o na k, kisha pembeni anazifafanua: "all correct". Yaani yote sahihi.

Lakini ngojeni. "All" inaanza na A. "Correct" inaanza na C. Kifupisho sahihi kingekuwa A.C. Hiyo O na hiyo K zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye kosa la makusudi. Miaka ile ya 1838 na 1839 vijana wa magazeti ya Boston walishikwa na homa ya vifupisho. Kila walichoweza kukifupisha walikifupisha, na utamu ulizidi pale walipokiharibu kwanza tahajia yake ndipo wakakifupisha. "All right" wakaiandika "oll wright", wakapata O.W. "No go", yaani haiwezekani, wakaiandika "know go", wakapata K.G. Na "all correct" wakaiandika "oll korrect". Hapo ndipo O.K. ikazaliwa. Utamu wenyewe ni kwamba neno linalotangaza usahihi liliandikwa bila herufi moja sahihi mwanzoni mwake.

Vijana wangu, mmecheka. Mnalifahamu jambo hili kuliko mimi, au sivyo? Kumbukeni simu za vitufe. Kumbukeni ujumbe mfupi, herufi 160 basi, ukizidisha umekatwa shilingi ya pili. Mliandika nini? "2po" badala ya tupo. "Cjui" badala ya sijui. Haya, hapo mlikuwa mnabana nafasi, naelewa. Lakini mliandika pia "xaxa" badala ya sasa. Mliandika "xawa" badala ya sawa. Hebu hesabuni herufi za sasa. Nne. Hesabuni za xaxa. Nne vile vile! Hamkuokoa hata senti. X ile haikuwa ya ubahili. Ilikuwa ya kucheza, ilikuwa ya kutambuana: anayeandika xaxa ni mwenzetu, anayeandika sasa ni mwalimu.

Basi wale wa Boston walikuwa ninyi. K haifupishi kitu kuliko C. Ilikuwa x yao.

Nasi walimu tulifanya nini? Tulikasirika. Nakumbuka kikao kizima cha walimu kilichotumika kuijadili herufi x. Nilikuwemo, na nilikuwa upande wa wenye hasira. Leo ninaposoma kwamba neno linalojulikana kuliko karibu maneno yote duniani lilizaliwa kwa mchezo ule ule, natamani kikao kile kirudi nikiseme ninachokisema sasa.

Mwajua ni nani aliyegundua haya? Wala si mhariri yule, yeye alikwishasahaulika. Ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mtu aliyezaliwa 1906 akafariki 2002. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walikuwa wakigombania asili ya neno hili, kila mmoja na kisa chake. Yeye akafanya kitu kisicho na mbwembwe: akafungua magazeti ya zamani. Gazeti baada ya gazeti, ukurasa baada ya ukurasa, wakati ambapo hapakuwa na kompyuta ya kumtafutia, macho na vumbi tu. Mwaka 1963 na 1964 akachapisha aliyoyakusanya katika jarida la American Speech: siyo mfano mmoja, ni mifano mingi, kila mmoja na gazeti lake na tarehe yake, ikionyesha neno linavyotambaa kutoka Boston kwenda miji mingine. Mimi namheshimu sana mtu huyu. Hakusema "nadhani". Alisema: soma hapa.

Lakini jambo moja bado. O.W. nani analitumia leo? K.G. nani analijua? Homa ile ilizaa vifupisho vingi, na karibu vyote vilikufa. Kwa nini huyu mmoja akaishi?

Aliokolewa na uchaguzi.

Mwaka 1840 rais wa Marekani alikuwa Martin Van Buren, anagombea muhula wa pili. Alizaliwa kijiji kinaitwa Kinderhook, jimbo la New York. Wafuasi wake wakampa jina la kumtukuza: Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. Tazameni herufi za mwanzo. O, K. Vijana wa chama chake New York wakaunda O.K. Club, wakalipaza neno lile mitaani na mikutanoni: mzee wetu ni O.K., na mzee wetu ni "oll korrect". Maana mbili zikakutana katika herufi mbili. Hapo mzaha wa magazeti ya mji mmoja ukageuka kuwa kelele ya nchi nzima.

Wapinzani wakafanya nini? Wakalinyakua. Nchi ilikuwa imetoka kwenye mporomoko mkubwa wa uchumi wa 1837, benki zimefunga, watu hawana kazi. Wapinzani wakasema: mnajua O.K. ni nini? Ni "out of kash, out of kredit", pesa zimekwisha na mkopo hakuna, na wakaweka K zile zile za makosa ya makusudi. Wengine wakamgeukia rais aliyemtangulia Van Buren, Andrew Jackson, wakavumisha kwamba hakujua kuandika, eti alikuwa akitia sahihi "ole kurrek" kwenye karatasi za serikali akidhani ameandika "all correct". Ilikuwa kashfa ya kisiasa, lakini ilishika, na hadi leo utawakuta watu wanaosimulia kisa cha Jackson kama historia.

Van Buren akashindwa. Aliyemshinda, William Henry Harrison, alikaa madarakani mwezi mmoja tu akafariki, Aprili 1841. Mshindi kafa, mshindwa karudi kijijini, chama cha vijana kimevunjika. Neno limebaki.

Na kuna jambo moja hapa ambalo mimi hunigusa kila nikilifikiria. Martin Van Buren, ambaye kijiji chake kiliokoa neno maarufu kuliko yote ya Kiingereza cha Marekani, hakulelewa kwa Kiingereza. Nyumbani kwao walizungumza Kiholanzi. Kinderhook yenyewe ni jina la Kiholanzi, pembe ya watoto. Kiingereza alikuja kukijifunza. Ninyi mliojifunza Kiswahili mkiwa wakubwa, mliotoka kwenye Kisukuma, kwenye Kiha, kwenye Kimasai, mkichekwa kwa lafudhi zenu: mnasikia?

Sasa naomba niwaguse mahali pagumu kidogo.

Asili hii ya Boston haiwaridhishi watu. Haina ushujaa, wala mfalme, wala kilio. Ni utani wa mhariri. Kwa hiyo dunia imeendelea kutunga. Wagiriki wana "ola kala", yote ni mema. Wengine wana rumu ya Haiti kutoka bandari ya Aux Cayes. Wengine wana karani wa reli, wengine kiwanda cha biskuti. Hao nawapita. Lakini kuna visa viwili sitavipita, kwa sababu vimebeba huzuni ya kweli.

Cha kwanza ni cha Wachoctaw, mmoja wa watu wa asili wa kusini mwa Marekani. Katika lugha yao kuna "okeh", maana yake ni ndivyo hivyo. Rais Woodrow Wilson, aliyetawala 1913 hadi 1921, aliamini kwamba neno limetoka kwao, na alipoidhinisha karatasi aliandika "okeh". Fikirini: katika miaka ya 1830, miaka ile ile ya mzaha wa Boston, Wachoctaw walikuwa wanang'olewa kwenye ardhi yao ya Mississippi na kusukumwa magharibi, wengine wakifia njiani. Ni nani asiyetamani wangalau neno moja lao libaki kinywani mwa waliowafukuza?

Cha pili ni chetu. Miaka ya 1970 inapoingia, David Dalby, mwanaisimu Mwingereza aliyezijua sana lugha za Afrika Magharibi, akasema: tazameni Kiwolofu cha Senegal na Gambia. "Waw" ni ndiyo. "Kay" ni kikazia. "Waw kay": ndiyo kabisa. Wawolofu walichukuliwa utumwani wakapelekwa Marekani. Na kuna kitabu cha msafiri kilichochapishwa 1784 ambamo Mwafrika mtumwa wa North Carolina anaanza kauli yake kwa "Kay". Je, si hili?

Mara ya kwanza niliposoma hayo moyo ulinidunda. Nilitaka liwe letu. Nilitaka niingie darasani niwaambie watoto: neno ambalo dunia nzima inalitamka, kutoka Tokyo hadi Lima, lilivuka bahari ndani ya jahazi la watumwa. Nilitaka sana.

Kisha nikajiuliza swali lile lile la tarehe. "Kay" ya 1784 imesimama peke yake. Haina O mbele yake. Kutoka hapo hadi 1839 hakuna karatasi inayotuonyesha neno likitembea kutoka kinywa cha mtumwa hadi meza ya mhariri. Na 1839 linapotokea gazetini, linatokea na maelezo yake pembeni, likiwa kati ya ndugu zake O.W. na K.G., ukoo mzima umeonekana. Siwezi kumkana mtoto kwa ukoo uliomleta mbele ya mashahidi, nimpe ukoo ninaoupenda.

Inauma, na nakiri kwamba inauma. Watumwa hawakuwa na magazeti. Waliozungumza Kiwolofu katika mashamba ya Marekani hawakuandikiwa maneno yao na mtu, na ukimya huo ni sehemu ya dhuluma waliyofanyiwa. Lakini dhuluma ile hailipwi kwa kisa cha kutunga. Nilishajaza darasa kisa cha kutunga mara moja. Sitafanya tena, hata kama safari hii kisa ni cha watu wangu.

Sisi wenyewe wa pwani tunalijua jambo hili. Bagamoyo iko kusini yetu hapo. Bwaga moyo. Mmoja atakwambia ni wapagazi waliotoka bara miezi kwa miezi, wakiiona bahari wanatua mizigo na kusema: hapa bwaga moyo, pumzika. Mwingine atakwambia ni mateka waliokuwa wanasubiri jahazi la kuwapeleka ng'ambo: uache moyo wako hapa, hurudi tena. Maneno mawili yale yale, pumziko na msiba. Na kila msimulizi huchagua lile linalolingana na alichokibeba kifuani.

Haya. Tuliache lilikotoka, tulitazame linafanya nini.

Miaka michache iliyopita nilikuwa najenga chumba uani kwangu. Nikamwambia fundi: dirisha likae upande huu, mashariki, lisielekee choo cha jirani. Akasema, "Oke mzee." Nikamuuliza, umenielewa? "Oke mzee, oke." Nikasafiri siku nne. Narudi, plasta imeshapigwa, dirisha linatazama choo cha jirani. Nikamwita. Si ulisema oke? Akanijibu kwa upole, wala hakunidanganya: "Mzee, nilisema oke kwa kuwa nilikuwa nakusikia."

Nilikaa usiku ule nikiliwaza jibu lile. Alikuwa na haki yake! Maana katika historia ya neno hili, maana ya fundi ni ya zamani karibu sawa na yangu. Mwaka 1844 Samuel Morse alifungua njia ya simu ya waya kati ya Washington na Baltimore, zile simu za kugonga zilizopeleka telegramu. Nyaya zikaenea nchi nzima, zikafuatana na reli. Mpokeaji wa upande wa pili akipata ujumbe, aligonga O na K. Ilimaanisha nini? Ilimaanisha ujumbe umefika. Haikuwa na maana kwamba anakubaliana nao, wala kwamba atautenda. Umefika, basi. Kwenye reli jambo hilo lilikuwa uhai wa watu, kwa sababu treni mbili kwenye njia moja zinahitaji kujua kwamba amri imepokelewa.

Kwa hiyo fundi wangu alinipa oke ya simu ya waya. Mimi nilidhani amenipa oke ya Boston, yote sahihi. Herufi mbili zile zile, na katikati yake kuna dirisha zima. Je, ni mara ngapi mgonjwa anaelezwa dawa, mbili asubuhi moja jioni, anasema "oke", na muuguzi anaridhika? Ni mara ngapi mwanafunzi anasema "oke mwalimu" nami nikageuka ubaoni nikaendelea? Tangu siku ya lile dirisha siulizi tena "umenielewa?" Nasema: hebu nirudishie nilichokwambia.

Kuna maana ya tatu, na hii nilifundishwa na mama yangu mkubwa, Pangani. Mjukuu wake alikuja likizo kutoka Dar es Salaam. Bibi yuko jikoni anakuna nazi, akamwita kwa jina. Mtoto toka sebuleni: "Okeee!" Bibi akakiacha kibao cha mbuzi, akatoka, akasimama mlangoni. Hakufoka. Akamwambia, "Mjukuu wangu, nimekuita uitike. Sikukuomba unikubalie."

Hiyo naomba muishike vizuri walimu wenzangu. Ukiitwa na mkubwa wako unaitika abee, unaitika naam, unaitika labeka. Neno hilo linakuweka mahali pako mbele ya aliyekuita. Oke haina mahali. Haimuinamii mtu. Raia na rais wanaipokea sawasawa, na huko Marekani pengine ndiyo sababu wameipenda. Lakini uani kwa bibi Pangani inafika kama mgeni aliyeingia na viatu.

Na bado, msikilizeni huyo huyo bibi akimaliza kuzungumza na simu. "Haya mwanangu. Haya. Sawa. Oke. Haya basi, poa. Oke. Haya." Wote mmecheka kwa sababu wote ndivyo tunavyoagana! Tumeipokea, tukaipa kazi, tukaipanga katikati ya ndugu zake: haya, sawa, basi, poa. Hakuna kamati iliyokaa. Ilikuja na irabu yake mwishoni, ke, imejivika silabi yetu, haikutupa taabu ya kuitamka.

Lakini watazameni hao ndugu zake. Sawa tuliipata kwa Waarabu, na ndani yake mna usawa, vitu viwili vimelingana. Poa ni kitu kilichokuwa cha moto kikapoa. Shwari ni bahari isiyo na upepo. Nahodha wa hapa Tanga akikwambia mambo shwari unaona maji yametulia. Kila mmoja ana picha tumboni. Oke haina picha yoyote, ni herufi mbili tupu, na ndiyo maana inaingia kila nyumba bila kubisha hodi. Mimi sina ugomvi nayo. Ila nikitaka kumwambia mtu kwamba moyo wangu umetulia, nasema shwari.

Kompyuta nazo zina kisa chao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Apple ilipokuwa inatengeneza kompyuta iitwayo Lisa, kitufe cha kuthibitisha walikiandika "Do It", yaani fanya. Watu walioletwa kuijaribu wakawa wanayasoma yale maneno mawili kama moja, "dolt", ambalo maana yake ni zuzu. Mmoja akaudhika, mbona mashine inamtukana? Wakaifuta, wakaweka OK. Leo vitufe vya OK havihesabiki duniani. Lakini toeni simu zenu. Nendeni kwenye mipangilio, chagueni Kiswahili. Halafu futeni kitu chochote, simu ikuulizeni mna uhakika. Someni kitufe kinasemaje. Someni kwa sauti!

Ndiyo. Kinasema Sawa.

Kuna kijana mtafsiri aliyekaa mahali akachagua neno hilo kati ya yote tuliyo nayo. Alichagua vizuri.

Sasa nimefika kwenye ombi langu. Allen Walker Read aliweza kumpata mhariri wa Boston kwa sababu mbili tu: mzaha uliandikwa, na karatasi ilikuwa na tarehe. Nawauliza ninyi: "xawa" ya kwanza iliandikwa lini, na nani, kwa simu ipi? Simu zile zimekufa, ujumbe umefutika. Maneno mangapi yamezaliwa kwenye daladala za mji huu, gerejini, vijiweni, sokoni Mgandini, yakakua, yakazeeka, na hakuna aliyeandika hata siku moja kwamba leo nimelisikia? Tunamlilia Mwolofu ambaye maneno yake hayakuandikwa, na ya kwetu tunayaangalia yakipita.

Nimekuja na daftari. Ni la kawaida, kurasa 200, nimelinunua jana. Nimelichora safu nne: neno, maana yake, nani kalisema, yaani kondakta au mwanafunzi au muuza samaki, jina lake halihitajiki, na tarehe. Neno lolote la mtaani ulilolisikia wiki hii, liwe la Kiswahili, liwe limetoka Kiingereza, hata likiwa linakukera. Hasa likiwa linakukera.

Mstari wa kwanza umeshaandikwa, na sikuuandika mimi. Asubuhi nilimpigia yule mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Nikamwambia kisa cha sifuri waliouawa si cha kweli, nikamweleza ya Boston, nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema Jumatatu atawaambia wanafunzi wake, na akaniuliza kama anaweza kuja leo.

Ndiye yule pale mlangoni, mwenye shati la bluu. Mwalimu, karibu mbele. Uwasomee ulichoandika, kisha daftari lianzie kwako lizunguke.